Maswali ya Wasomaji: Tuiuze Nyumba au Tuipangishe Kabla ya Kuhamia Nje?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi na mume wangu tunatarajia kuhama pamoja na watoto wetu miezi mitano ijayo, kwa kuwa mume wangu amepata kazi ya mkataba wa miaka mitatu katika nchi nyingine, na mwajiri amesema huenda mkataba huo ukaongezwa. Nyumba tunayoishi ni yetu, ingawa bado tunalipa mkopo wa benki utakaokwisha baada ya miaka sita. Mume wangu anaona ni heri tuiuze, tumalize deni na tuondoke na akiba mkononi, kwani anahofia kwamba mpangaji ataiharibu nasi tukiwa mbali. Mimi naona kuuza ni kufanya haraka mno, maana hatujui kama tutaizoea nchi hiyo, na huenda tusipate tena nyumba ya namna hii tutakaporudi. Shemeji yangu amejitolea kutusimamia. Tumepiga hesabu na kuona kwamba pango litazidi kidogo marejesho ya mkopo, kwa hiyo kwa maoni yangu nyumba itajilipia yenyewe. Kila tukilizungumza jambo hili tunaishia kununiana. Je, ni yupi kati yetu aliye sahihi?

Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU

Dada msomaji,

Mnabishana juu ya jambo la pili kabla ya kukubaliana juu ya la kwanza. Mume wako anazungumzia fedha, wewe unazungumzia kurudi, na kila mmoja anadhani mwenzake hamsikii. Kaeni chini kwanza mjibu swali moja: mkataba utakapokwisha, je, mnataka kuishi tena katika nyumba hiyo hiyo? Sisemi kurudi nchini, nasema kurudi ndani ya nyumba hiyo. Nimeona familia zikiing'ang'ania nyumba kwa miaka mingi kwa sababu ya kurudi, kisha wanaporudi wanakuta watoto wamekuwa wakubwa, vyumba havitoshi, kazi mpya iko mbali, na nyumba waliyoihangaikia wakiwa ugenini wanaiuza ndani ya mwaka wa kwanza.

Ikiwa nyote wawili mtajibu kwamba hamtaki kuishi humo tena, nyumba hiyo imekwisha kuwa biashara, nayo ipimwe kama biashara nyingine yoyote. Ikiwa mtajibu kwamba mnataka, basi kuna thamani ambayo haionekani katika hesabu, nayo ni haki yenu kuipa uzito. Hata hivyo hesabu yenyewe lazima iwe kamili, na hapa naomba unisamehe nikikuambia kwamba hesabu uliyoitaja katika barua yako haijakamilika.

Mmelinganisha pango la mwezi na rejesho la mwezi. Pango la miezi kumi na miwili halikufikii mkononi kama miezi kumi na miwili. Tufanye makadirio ya tahadhari. Toa mwezi mmoja kwa ajili ya kipindi ambacho nyumba itakaa bila mpangaji, kwa sababu wapangaji huondoka, na kati ya mmoja na mwingine kuna kupaka rangi, kutangaza na kusubiri. Toa mwezi mwingine, au zaidi kidogo, kwa ajili ya wakala wa usimamizi ikiwa atachukua asilimia 10 ya pango. Toa mwezi wa matengenezo, nao si mwingi kwa nyumba yenye umri, kwani paa, pampu, mabomba na nyaya haviulizi kama mwenye nyumba yupo. Toa nusu mwezi kwa bima na tozo za jengo au ardhi. Toa angalau mwezi mmoja kwa kodi ya mapato. Unabaki na miezi saba na nusu. Ikiwa marejesho ya mkopo kwa mwaka ni sawa na pango la miezi kumi na mmoja, kama ninavyokisia kutokana na maelezo yako, kuna pengo la pango la miezi mitatu na nusu kila mwaka, nalo litatoka katika mshahara wa mume wako, tena katika mwaka ule ule mnaonunua vitanda, kulipa amana ya nyumba ya kupanga na kuwaanzisha watoto shule.

Usikate tamaa mapema, maana pengo hilo si hasara tupu. Katika mkopo wa kawaida wa marejesho yanayolingana, riba hula sehemu kubwa ya rejesho katika miaka ya mwanzo, na deni linapokaribia kwisha sehemu kubwa ya kila rejesho hupunguza deni lenyewe. Ninyi mmebakiwa na miaka sita. Kwa hiyo sehemu nzuri ya fedha mtakazoongezea itakuwa inaingia katika umiliki wenu, jambo ambalo mume wako angelipenda kama lingeitwa akiba. Iombeni benki iwape jedwali la marejesho yaliyobaki, mwone kwa macho yenu kila mwezi riba ni kiasi gani na deni linapungua kwa kiasi gani. Karatasi hiyo moja inaweza kumaliza nusu ya mabishano yenu.

Mkiwa benki, ulizeni pia jambo ambalo watu wengi hulipuuza. Mkopo wa nyumba ya kuishi hutolewa mara nyingi kwa sharti kwamba mkopaji mwenyewe ndiye atakayeishi humo, na kumweka mpangaji bila ridhaa ya benki kunaweza kuwa ni kuvunja mkataba. Ombeni ridhaa hiyo kwa maandishi. Benki nyingine hukubali bila masharti mapya, nyingine hupandisha riba au kutaka ada, na ikiwa yenu itapandisha riba, rudini kwenye hesabu ile mkaipige upya. Bima nayo ina mtego wa aina hiyo hiyo, kwani bima ya nyumba anayoishi mwenyewe si lazima imlinde mwenye nyumba aliyepangisha. Iarifuni kampuni ya bima kabla ya mpangaji kuingia, si baada ya moto.

Sasa nizungumzie shemeji yako, nikijua kwamba nagusa undugu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyumba inayopangishwa kutoka ng'ambo hufanikiwa au hufeli kwa kutegemea mtu mmoja aliye karibu nayo. Fikiria usiku mmoja mpangaji anapiga simu kwamba maji yanatoka chini ya sinki la jikoni. Kwenu huko ni saa za kazi na simu imezimwa, kwa hiyo anampigia shemeji. Shemeji ni mtu mwema, ila ana ajira yake na familia yake. Anafika kesho yake jioni, anamleta fundi anayemfahamu, fundi anasema tatizo liko ndani ya ukuta na vigae lazima vitolewe. Ni nani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo? Fedha zinatoka wapi? Risiti inakwenda kwa nani? Na kama kazi ikiharibika, utawezaje kumlalamikia ndugu wa mume wako ambaye hakulipwa hata senti moja kwa usumbufu huo? Msaada wa bure hauna masharti, na kitu kisicho na masharti hakiwezi kudaiwa.

Ushauri wangu ni kwamba mumwajiri wakala wa usimamizi mwenye ofisi na mkataba, na shemeji awe jicho lenu, mtu wa kupita mara moja kwa miezi mitatu na kuwaambia ukweli. Katika mkataba wa wakala andikeni kiwango ambacho anaweza kukitumia kwa matengenezo bila kuwauliza, na juu ya kiwango hicho lazima apate idhini yenu. Andikeni tarehe ya kuwatumia pango na taarifa ya mapato na matumizi. Andikeni jinsi ya kuvunja mkataba na nani atabaki na amana ya mpangaji. Kama mtaamua shemeji asimamie peke yake, basi mlipeni asilimia kama ambavyo mngemlipa mgeni, na karatasi iandikwe kwa uzito ule ule. Undugu hautapungua kwa kuandikiana, na mara nyingi karatasi ndiyo inayoulinda.

Hofu ya mume wako juu ya uharibifu ni ya haki, na ina dawa. Kabla ya mpangaji kupewa funguo, piteni chumba kwa chumba na simu mkononi. Pigeni picha dari iliyo chini ya bafu, kuta nyuma ya makabati, pembe za madirisha, ndani ya tanuri, chini ya kila sinki. Fungueni kila bomba, washeni kila taa, andikeni namba zinazosomeka kwenye mita ya maji na ya umeme, hesabuni funguo. Orodha hiyo isainiwe na mpangaji pamoja na wakala, tarehe ikiwa juu yake. Mpangaji akihama, orodha ile ile inasomwa tena akiwapo. Bila orodha, amana mnayoshikilia ni ugomvi unaosubiri siku yake. Na mchukueni mpangaji mwenye kipato kinachothibitika na barua ya mwenye nyumba aliyetangulia, hata kama pango lake ni pungufu kidogo kuliko la yule anayeahidi mengi bila karatasi.

Limebaki suala la kodi, ambalo ndilo hasa linalonifanya niwaombe msiamue kwa mazoea. Mtu anayehama anaingia katika mikono ya serikali mbili. Nchi ilipo nyumba karibu daima itataka kodi juu ya pango, na mara nyingi nchi mtakayohamia itawataka mtangaze mapato yenu ya dunia nzima, pango hilo likiwamo. Mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili huwezesha kodi mliyolipa upande mmoja kupunguzwa upande wa pili, lakini haiondoi wajibu wa kutangaza. Isitoshe, mwenye nyumba asiye mkazi hukatwa kwa namna tofauti. Kanada, kwa mfano, hukata asilimia 25 ya pango lote la asiye mkazi kabla ya kutoa gharama, isipokuwa kama ameomba utaratibu wa kukatwa juu ya kile kinachobaki baada ya gharama. Uingereza humtaka wakala akate kodi kwa kiwango cha msingi, ambacho ni asilimia 20, mpaka mwenye nyumba apate kibali cha kupokea pango bila makato na kujaza fomu zake mwenyewe. Mtu ambaye hakulijua hilo huona pango likipungua akadhani wakala anamwibia.

Kodi ya faida ya kuuza ndiyo yenye tofauti kubwa zaidi, kwa sababu nchi nyingi husamehe faida ya kuuza nyumba uliyokuwa unaishi, na msamaha huo una saa inayohesabu tangu siku mnayohama. Nchini Marekani, mtu aliyemiliki na kuishi katika nyumba kwa jumla ya miaka 2 ndani ya miaka 5 inayotangulia mauzo anaweza kuondoa katika kodi faida ya hadi dola 250,000, au 500,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja. Maana yake ni kwamba aliyeishi humo kwa muda wa kutosha ana takriban miaka mitatu ya kupangisha kabla mlango haujafungwa. Nchini Uingereza miezi 9 ya mwisho ya umiliki hupewa nafuu hata kama mwenye nyumba alikwisha kuhama. Australia ni kali zaidi: tangu Julai 2020, mtu anayeuza akiwa si mkazi kwa ajili ya kodi kwa kawaida hupoteza msamaha wote wa nyumba ya makazi, hata kama aliishi humo miaka mingi, isipokuwa katika matukio machache mazito ya maisha kama ugonjwa usiotibika au kifo. Kwa mtu wa aina hiyo, kuuza mwezi mmoja kabla ya safari na kuuza mwaka mmoja baada ya safari ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Kwa hiyo mtafuteni mshauri wa kodi anayezifahamu nchi zote mbili zinazowahusu, mlipie saa yake moja, na mpelekeeni maswali matatu yaliyoandikwa: pango letu litakatwaje, msamaha wa nyumba ya makazi tutakuwa nao hadi tarehe gani, na nchi tunayohamia itahesabu faida kuanzia bei tuliyonunulia au thamani ya siku tuliyohamia. Swali hilo la tatu si la kitaalamu tu. Marekani kwa kawaida hutazama bei ya kununulia hata kama ulinunua kabla ya kuwa mkazi, ilhali Kanada huchukulia kana kwamba ulinunua mali hiyo kwa thamani ya siku ulipokuwa mkazi wake.

Umeniuliza ni yupi aliye sahihi. Kwa maelezo niliyo nayo, mkataba ukiwa wa miaka mitatu na deni likiwa limebakiza sita, naelekea upande wako: pangisheni, kwa masharti matatu. Benki iridhie kwa maandishi, pengo la kila mwaka liweze kubebwa na mshahara mpya bila kuwabana, na pawe na msimamizi anayelipwa. Likikosekana lolote kati ya hayo, mume wako ndiye aliye sahihi, na mnapaswa kuuza kabla ya kuondoka. Tena msipangishe bila mwisho. Andikeni leo tarehe ya kuamua upya, iwe mwishoni mwa mwaka wa pili, wakati mwajiri atakapokuwa karibu kusema kama anaongeza mkataba, na ilingane na ukomo wa msamaha wa kodi na mwisho wa mkataba wa mpangaji. Familia nyingi hazijawahi kuamua kubaki na nyumba; zimesahau tu kuamua, miaka ikapita.

Mkielekea kuuza, anzeni wiki hii. Miezi mitano ni michache, na mnunuzi anayejua kwamba tiketi zenu zimekwisha kukatwa hatakuwa na haraka. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa badala ya kutegemea bei ambayo jirani anasema aliuzia, ulizeni benki ada ya kulipa deni kabla ya muda wake, na msibadilishe fedha zote kuwa za nchi ya ugenini siku moja. Mtu asiyejua kama atakaa ugenini miaka mitatu au kumi ana sababu ya kuweka akiba katika sarafu zote mbili.

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mjane na nimestaafu. Nahamia kwa binti yangu anayeishi nje, na kibali changu ni cha ukaazi wa kudumu. Nyumba yangu haina deni. Sitaki wapangaji, kwa hiyo nimefikiria ama kuifunga au kumwacha mpwa wangu akae bure na kuitunza. Mpwa ameniomba nimwandikie hati ya kumpa mamlaka juu ya nyumba yote ili asisumbuke. Je, nimkubalie?

Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU

Mama yangu mheshimiwa,

Kuifunga ndiyo njia ambayo siipendi hata kidogo. Mikataba mingi ya bima hupunguza au kusitisha ulinzi nyumba ikikaa tupu kwa siku 30 au 60 mfululizo, na nyumba isiyo na mtu huharibika kwa kasi: bomba dogo linalovuja huvuja miezi mitano badala ya siku moja, na wezi hutambua haraka dirisha lisilofunguliwa.

Mpwa kukaa humo ni afadhali zaidi, mradi muandikiane. Mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi iseme kwamba anakaa kwa ruhusa yako na si kama mmiliki, kwamba analipa umeme, maji na matengenezo madogo, kwamba tozo za ardhi na bima ni zako, na kwamba atahama akipewa notisi ya muda mtakaokubaliana. Pasipo maandishi, mtu akikaa miaka mingi, yeye au watoto wake wanaweza kuja kuamini kwamba walipewa, na katika nchi kadhaa sheria humpa nguvu aliyekalia ardhi kwa muda mrefu bila kupingwa.

Lakini kabla ya hilo, mwulize binti yako na watoto wako wengine, kama unao, ikiwa kuna anayetaka kuishi humo siku moja. Ikiwa hakuna, na wewe mwenyewe hutarudi, nakushauri uiuze sasa ukiwa bado upo, unaweza kumwona mnunuzi kwa macho yako, kusaini mwenyewe mbele ya mwanasheria na kupokea malipo katika akaunti yako. Kuuza ukiwa mbali kunawezekana, ila kila hatua inapitia kwa mtu mwingine.

Hati anayoiomba mpwa wako usiisaini kama ilivyo. Mamlaka juu ya nyumba yote yanaweza kujumuisha kuuza na kuweka rehani. Mwombe mwanasheria aandike hati yenye mipaka, inayotaja kazi moja moja: kulipa tozo, kushughulika na mafundi, kupokea barua za serikali, na isemayo waziwazi kwamba haina mamlaka ya kuuza, kukopea wala kuhamisha umiliki. Iwe na tarehe ya mwisho, na hati miliki halisi isikae kwa mpwa bali kwa mwanasheria au benki. Isaini kabla ya kuondoka. Ukisubiri kuisaini ugenini, itahitaji kuthibitishwa na ubalozi, au kupata muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa hati ili itambulike katika nchi nyingine, ikiwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961. Na ikiwa siku moja utaamua kuuza ukiwa huko, andika hati mpya kwa ajili ya mauzo hayo peke yake, ikitaja bei ya chini unayoikubali na akaunti itakayopokea fedha, ambayo iwe kwa jina lako.